Salamu kwa Mama wa Kipa

Meza ya magazeti ya Najiat, pembeni ya Soko Kuu la Tabora, haiuzi magazeti mengi. Watu hamsini husoma vichwa vya habari kwa macho, wawili hununua, na wote hamsini na wawili hubaki pale kubishana. Asubuhi hiyo ya Jumatatu ubishi ulikuwa mmoja tu: Ulyankulu wamchague nani?

Asiyejua Kombe la Msafara aelezwe kidogo. Timu ni nane, za miji na vijiji vilivyo kando ya njia ya zamani ya misafara, toka Igunga hadi Kaliua. Kabla ya msimu, vijana wote wasio na timu huandikishwa kwenye orodha moja iitwayo kapu, kisha makocha hukaa ukumbini na kuchagua mmoja mmoja kwa zamu. Aliyeshika mkia mwaka uliopita ndiye huchagua wa kwanza, ili mnyonge naye apate pa kushika. Mwaka huo mnyonge alikuwa Ulyankulu, na kapu lilikuwa na majina arobaini na nane.

"Hapa hakuna cha kufikiri," alisema Octavian, mtangazaji wa Redio Asali, kwa ile sauti yake nzito ambayo mji mzima uliijua. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kikombe cha kahawa mkononi. "Shilinde! Mshambuliaji kama yule huja mara moja katika miaka kumi. Ukipewa nafasi ya kwanza ukamwacha mfungaji, wewe unahitaji maombi."

Wazee wa kahawa wakaitikia. Vijana wakapiga makofi. Octavian akanywa funda lake kwa raha ya mtu aliyemaliza kesi.

"Na paa likivuja," ilisema sauti nyuma yake, "wewe unanunua televisheni?"

Akageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, mrefu, gauni la kitenge rangi ya haradali, raba nyeupe miguuni, nywele zimesukwa mistari minne iliyokutana kisogoni. Shingoni alikuwa na kamba nyeusi iliyozama ndani ya gauni. Rozari hiyo, aliwaza Octavian, na mara hiyo hiyo akasahau alichokuwa anawaza, maana dada huyo alikuwa na macho yanayomtazama mtu mpaka mtu akahisi amesahau kufunga kifungo.

"Sijakuelewa, dada."

"Ulyankulu walifunga mangapi mwaka jana?"

"Eh... machache."

"Kumi na tisa. Mechi kumi na nne. Si haba. Wamefungwa mangapi?"

Octavian akakuna kidevu. Najiat, muuza magazeti, akaanza kucheka kabla ya wakati.

"Thelathini na moja," akajibu mwenyewe yule dada. "Timu hiyo haina njaa ya mabao, kaka yangu. Ina mlango usio na komeo. Wewe unawaletea mgeni wa kukaa sebuleni, wakati wezi wanapita uani."

Watu wakaangua kicheko. Octavian, ambaye hakuwa amezoea kushindwa mbele ya kahawa, akajaribu kujinasua. "Sawa, lakini mpira ni mabao. Na wewe umeyajulia wapi haya yote? Mumeo ni shabiki?"

Hapo Najiat hakuweza tena. "Octavian wewe! Jina unalisoma redioni mwaka mzima, sura huijui? Huyo ndiye Mwalimu Godeliva, kocha wa Ulyankulu!"

Godeliva akavuta ile kamba nyeusi toka ndani ya gauni. Mwisho wake ilikuwa filimbi. Hakuipuliza, aliionyesha tu, akalipia gazeti lake, akamwambia, "Mume sina, shabiki ninao," akavuka barabara kuelekea shuleni. Octavian alibaki na kikombe kitupu, akiwa ameshindwa kwa hoja, kwa takwimu na kwa macho, na jambo la ajabu ni kwamba hakuumia hata kidogo.

* * *

Siku ya tatu akapata namba yake ya simu. Alimwambia ni kwa ajili ya mahojiano ya kipindi cha michezo. Mahojiano yalichukua dakika kumi. Simu za baada ya mahojiano zilichukua wiki mbili.

"Bwana Redio, leo umekosea tena," alikuwa akianza Godeliva, bila hata habari za jioni.

"Nimekosea nini, Mwalimu wangu?"

"Umesema beki wa kushoto hafundishwi, huzaliwa. Nani amekwambia?"

"Nilisema ili unipigie."

"Muongo."

"Umepiga au hujapiga?"

Kicheko kilifuata, kile chake cha kushtukiza, na Octavian alilala akikisikia. Katika simu hizo alijifunza mengi. Wazazi wa Godeliva walizaliwa Burundi, wakaletwa Ulyankulu mgongoni mwa mama zao mwaka wa sabini na mbili. Yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo, kati ya shamba la tumbaku na kanisa. Alicheza mpira tangu shule ya msingi, na alikuwa kipa. Sasa alifundisha shule moja ya mjini, na kila Ijumaa jioni alipanda basi kwenda Ulyankulu kufundisha timu ya kwao. Hakuwahi kutokea mwanamke kwenye benchi la Kombe la Msafara kabla yake, na wapo waliosema hadharani kwamba mkia ule waliushika kwa sababu hiyo.

"Mwenyekiti wa kamati ameniambia waziwazi," alimweleza siku moja, sauti ikiwa chini. "Tukishika mkia tena, benchi anapewa mwingine. Ameshampata tayari. Kwa hiyo hili chaguo la kwanza, Octavian, kwangu ni la kwanza na la mwisho."

"Basi mchukue Shilinde, mama! Jiokoe!"

"Nikimchukua Shilinde watu watanipigia makofi siku moja. Halafu tutafungwa nne kwa tatu mpaka msimu uishe."

Hakuna mwanaume aliyewahi kumjibu Octavian kwa namna hiyo, seuze mwanamke. Alimpenda hapo hapo, kama hakuwa amempenda tayari pale kwenye magazeti.

* * *

Jumamosi, wiki moja kabla ya siku ya kuchagua, Godeliva, ambaye safari hiyo hakwenda Ulyankulu, akampigia saa kumi na mbili asubuhi.

"Una mambo leo?"

"Nina wewe."

"Acha maneno ya redioni. Njoo stendi, tunakwenda Kaliua. Lakini kwanza niahidi. Utakachokiona huko hakitoki mdomoni mwako."

"Naahidi."

"Kwa mama yako?"

"Kwa Mama Agnetha wa Ipuli, na jiko lake."

Walifika Kaliua jua limepanda. Godeliva alivaa suruali ya michezo ya buluu na fulana nyeupe, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi asitambulike. Alimpeleka nyuma ya kituo cha reli, pale mizigo ya Mpanda na ya Kigoma inapokutana, ambapo vijana walikuwa wakipakua magunia ya karanga toka kwenye lori. Mmoja juu alirusha, mmoja chini alidaka na kumpa mwenzake apange.

"Mwangalie wa chini," alinong'ona Godeliva. "Usitazame mikono. Tazama miguu."

Octavian akatazama. Kijana alikuwa mwembamba, mrefu, kimya. Gunia likitoka juu, yeye alikuwa ameshafika linapoangukia. Hakuruka bila sababu wala hakujinyoosha kwa papara. Alipiga hatua moja fupi ya pembeni na mzigo ukamkuta kifuani. Magunia sabini, hakuliacha hata moja ligonge chini.

"Anaitwa Marko," akasema Godeliva, na macho yake yaling'aa. "Jioni anadaka kwenye uwanja wa reli, peku. Nimekuja mara nne kumwona. Jina lake limo kwenye kapu, lakini hakuna kocha anayemjua."

"Basi unamchagua wa kwanza?"

"Hapo ndipo wengi hukosea." Akachukua kijiti, akachora mchangani mistari mitatu. "Wa kwanza mimi, wa pili Urambo, wa tatu Igunga. Igunga wanamtaka Shilinde mpaka wanaumwa. Mimi nawapa nafasi yangu ya kwanza, wao wananipa ya tatu pamoja na kiungo wao Renatus. Shilinde ataondoka wa kwanza. Urambo watachukua winga. Nami wa tatu namchukua Marko. Nimepata wawili kwa mmoja. Nafasi ya kwanza, Octavian, ni kama ng'ombe. Si lazima umchinje. Unaweza kumbadilisha kwa wawili wa maziwa."

Octavian aliitazama ile michoro kama hesabu iliyoandikwa na malaika. Miaka kumi alikuwa akitangaza mpira, na hakuna siku aliyowahi kufikiri mbali kiasi hicho.

"Lakini Urambo nao hawana kipa," alisema polepole. "Wao wakijua..."

"Wakijua nimekwisha. Kocha Revocatus ni mjanja, anasikia hata majani yakiota. Ndiyo maana nimekuapisha."

Marko hakuwaachia waondoke bila kufika nyumbani. Mama yake, Marcelina, alikaanga vitumbua karibu na reli. Octavian alipomwamkia, "Shikamoo mama," yule mama alisimama na mwiko mkononi.

"Marahaba... Hee! Hiyo sauti! Wewe si yule wa redio?"

Basi tena. Aliwapa viti, akawachinjia jogoo pekee aliyekuwa uani, akapika ugali na mlenda, akakataa katakata kupokea chochote. Wakati wa kuaga alimshika Octavian mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, mimi sitaki kitu. Nisalimie tu redioni. Siku moja. Nisikie jina langu."

"Nitakusalimu, mama. Wiki hii hii."

Godeliva wakati huo alikuwa mbele, anamwonyesha Marko namna ya kukunja vidole. Hakusikia. Na ndani ya basi la kurudi, alipomlalia Octavian begani na kusema kwa usingizi, "Unajua wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwonyesha?", ni nani angekumbuka kuzungumzia salamu?

* * *

Jumatatu mabadilishano na Igunga yakatangazwa, na mji ukawaka moto. "Mwalimu amerogwa!" walisema kwa Najiat. "Ametoa nafasi ya kwanza!" Octavian alikunywa kahawa yake na kunyamaza, na kunyamaza kwake kulimchosha kuliko kubeba magunia.

Jumanne mchana akaingia kwenye kipindi cha salamu. Watu wa Tabora wanapenda kipindi hicho kuliko taarifa ya habari. Kadi husomwa, jina kwa jina, na mtu aliyesalimiwa hutembea siku nzima kichwa juu. Octavian alisoma kadi thelathini. Ilipobaki dakika moja akakumbuka jogoo wa watu.

"Na kabla sijaondoka," alisema kwa ukunjufu, "salamu za pekee toka kwangu mimi mwenyewe zimfikie Mama Marcelina, mkaanga vitumbua, nyuma ya kituo cha reli pale Kaliua. Mama, ukarimu wako sijausahau."

Alikuwa bado hajavua vipokea sauti masikioni simu ya studio ilipolia.

"Octavian, mdogo wangu. Revocatus hapa, wa Urambo."

"Kocha! Habari za siku?"

"Njema. Miaka kumi nakusikiliza, hujawahi kumsalimu mtu wewe mwenyewe. Huyo Mama Marcelina ni nani kwako? Shangazi?"

Ahadi mbili alizotoa Octavian, moja kwa mama wa vitumbua na nyingine kwa mpenzi wake, zilikuwa zimegongana njia panda, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika bendera.

"Nitakupigia, kocha," alisema, akakata.

Ya pili ilikuwa ya Godeliva.

"Octavian."

Hakuna Bwana Redio. Hakuna mzaha.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Uliniahidi. Uliapa kwa mama yako."

"Sikumtaja Marko! Sikusema mpira! Yule mama alituchinjia jogoo, akaomba salamu, nikamwahidi. Ningemnyima vipi?"

"Ungemsalimu wiki ijayo! Mimi sikatai mama asalimiwe. Ningemsalimu hata mimi. Lakini nimeacha nafasi ya kwanza, Octavian, siwezi kuirudisha. Mji mzima unanicheka, na nilikuwa nacheka nao kwa sababu nilijua kilichomo chunguni. Sasa wewe umefunua chungu katikati ya barabara. Usinipigie."

Alipiga mara kumi na moja. Hakupokelewa.

* * *

Nyumbani Ipuli, Octavian alikaa jikoni kwa mama yake bila kugusa chakula. Mama Agnetha alikuwa mwanamke mfupi, mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira na isiyozimwa tangu alfajiri. Mwanawe alimsimulia yote, maana kwa mama yule hakukuwa na namna nyingine.

"Umemkosea msichana wa watu," akasema Mama Agnetha, akigeuza mboga. "Na tena nikwambie jingine. Unasalimia mama wa Kaliua, mimi niliyekuzaa hujawahi kunisalimia hata siku moja."

"Mama, nimekwambia mara ngapi? Mtangazaji haruhusiwi kuwasalimu ndugu zake."

"Haya. Lakini ungekuwa na akili ungewasalimu akina mama wote. Mama mmoja akisalimiwa, watu wanauliza kulikoni. Wakisalimiwa wote, nani atauliza?"

Octavian aliinua kichwa. Kisha akaamka, akambusu kipaji cha uso, akatoka mbio na viatu mkononi, mboga ikiachwa ipoe.

Kapu lilikuwa na vijana arobaini na nane, na majina yao yalibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kombe. Aliyanakili yote. Akaanza kupiga simu: Nzega, Igunga, Urambo, Kwihara, Ulyankulu. "Mdogo wangu, mama yako anaitwa nani? Anafanya kazi gani? Anapenda nini?" Vijana wanne mama zao walikuwa wametangulia mbele ya haki, kwa hao aliuliza nani aliwalea. Koo lilimkauka.

Jumatano mchana akasema hewani, "Kila mchezaji ana mama au aliyesimama badala ya mama. Hao ndio waliofua jezi. Wiki hii nitawasalimu wote walio na kijana kwenye kapu, arobaini na nane, na jana nilianza na wa Kaliua." Lilikuwa neno la kweli, kila kipande chake. Na akaanza. Mama Veronika wa Nzega, ambaye huuza mchele na huimba kwaya. Bibi Kulwa wa Kwihara, aliyemlea mjukuu kwa kuuza asali. Siku hiyo kumi na watano, Alhamisi kumi na sita, Ijumaa kumi na sita. Sokoni watu waliacha kupima bidhaa wasikilize. Igunga, madereva wa malori waliegesha. Mama mmoja wa Urambo alisikia jina lake akakaa chini ya kibanda chake, akalia kwa furaha mbele ya wateja.

Jumatano hiyo hiyo Revocatus alikuwa amepiga tena. "Kumbe ni mpango wa kipindi! Mimi nilishaandaa safari ya kwenda Kaliua kesho, nijue huyo mama ana kijana gani. Umeniokolea siku nzima."

"Orodha ni ndefu, kocha," alijibu Octavian, akakata kabla hajaulizwa jingine.

Lakini Revocatus ni mjanja, na mjanja huweza kusema hataenda huku akifunga kamba za viatu. Octavian hakulala Ijumaa ile.

* * *

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Makocha walikaa mbele kwa suti na jezi. Godeliva aliingia wa mwisho, na ukumbi ukanyamaza: gauni jeupe lenye mkanda wa kijani, hereni ndogo za dhahabu, filimbi kifuani mbele ya watu wote. Hakumtazama Octavian. Alikaa, akaweka mikono mezani, na Octavian peke yake ndiye aliyeona kidole chake gumba kikisugua meza.

"Nafasi ya kwanza, Igunga!"

"Shilinde!" Vigelegele vikapasua bati.

"Nafasi ya pili, Urambo!"

Revocatus akasimama. Akavaa miwani. Akafungua karatasi, akaikunja, akafungua nyingine. Alitazama ukumbi, akamtazama Godeliva, akamtazama Octavian kwa muda ambao Octavian hatausahau maishani.

"Urambo," alisema, "tunamchukua yule winga wa Nzega."

Godeliva akasimama kabla hajaitwa. "Ulyankulu. Marko, mlinda mlango, wa Kaliua."

"Nani?" aliuliza mtu nyuma, na wengi wakacheka. Revocatus hakucheka. Alivua miwani yake polepole, akatikisa kichwa, kisha akaanza kupiga makofi, peke yake, makofi mazito ya mtu anayejua alichopigwa.

Nje, kando ya ukuta wa kanisa, Octavian alikuwa akijiandalia maneno Godeliva alipomjia.

"Arobaini na nane," alisema.

"Nisamehe, Godeliva. Sikufikiri. Nilimwona mama mkarimu nikamsahau aliyenipeleka kwake."

"Nimesikiliza siku zote tatu. Darasani, nikawaambia watoto wachore ramani ili nisikie vizuri. Nilikukasirikia Jumanne. Jumatano nikajaribu kuendelea kukasirika. Ulipofika kwa yule bibi wa asali nikashindwa."

"Sauti nayo ikanikauka."

"Nimeisikia. Sasa hivi unalia kama jogoo wa Mama Marcelina."

"Alikuwa jogoo mzuri."

"Alikuwa jogoo mzuri sana," alisema Godeliva, akacheka kile kicheko chake, na kichwa chake kikarudi mahali pake begani.

* * *

Msimu ukapita. Ukweli usemwe: Shilinde alifunga mabao kumi na saba na Igunga wakabeba kombe, kwa hiyo kwa Najiat ubishi haukwisha na hautakwisha. Lakini Ulyankulu walifungwa mabao tisa tu, wakawa wa pili, na mwenyekiti wa kamati alikuja mwenyewe kumwomba Mwalimu aendelee, kofia mkononi. Marko sasa ana viatu. Octavian alitangaza kila mechi yao, na wasikilizaji walilalamika kwamba akimtaja kocha sauti yake inabadilika.

Siku ya mechi ya mwisho, uwanja ukiwa umeshabaki mtupu, Octavian alimwomba amwoe. Godeliva alimtazama kwa yale macho.

"Nafasi kubwa haijibiwi kwa papara," alisema. "Nitakujibu kwa utaratibu."

Siku tatu zikapita bila jibu. Simu zilipokelewa, utani ulikuwepo, jibu halikuwepo. Jumanne mchana Octavian akaingia kwenye kipindi cha salamu akiwa na rundo la kadi alizokabidhiwa mlangoni, akazisoma moja baada ya nyingine kwa mazoea, kama ilivyo kazi.

"Kadi inayofuata yatoka kwa... Godeliva Ndayiragije, wa Ulyankulu na Tabora mjini." Akaigeuza kadi, akaigeuza tena. Kadi ikishaanza kusomwa haiachwi njiani. Hiyo ndiyo desturi. Akaendelea. "Anamsalimu Mama Agnetha wa Ipuli, mzaa Octavian, kwa kuwa mwanawe haruhusiwi kumsalimu. Ujumbe: Mama, nimemtazama mwanao akishinda, nimemtazama akikosea, na nimemtazama akirekebisha. Tazama miguu, usitazame mikono. Nimemchagua. Nasubiri washenga Ulyankulu."

Hewani kukawa kimya. Sekunde tano, kumi, ishirini. Sokoni watu walitazamana. Kule Kaliua Mama Marcelina alisahau vitumbua motoni.

Na Ipuli, jikoni, Mama Agnetha alifuta mikono kwenye khanga, akaisogelea redio yake ndogo, akaiongeza sauti, ijapokuwa hakukuwa na neno lolote lililokuwa likisemwa.